Damu Isiyoganda: Watoto wa Wafalme na Mtoto Wako Nyumbani

Leo tutasafiri mbali kidogo, hadi kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya. Lakini msiniache njiani, kwa maana safari hii inarudi papa hapa kwetu, jikoni na kliniki.

Mada hii nimeichagua kwa sababu ya swali ambalo akina mama huniuliza kwa kunong'ona. Mtoto wa kiume amejigonga goti kidogo tu, na goti limevimba. Au ametahiriwa, wenzake wamepona, yeye damu bado inatiririka siku ya pili. Mama mkwe anasema, "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Jirani anasema ni laana, mwingine anasema ni jicho, na wa tatu anasema hayo ndiyo matunda ya kuoana ndugu kwa ndugu. Mama anakuja kliniki amejitanda leso hadi machoni, anauliza, "Sista, nimemkosea nini mtoto wangu?"

Hujamkosea kitu, mama. Na nikueleze kwa nini nasema hivyo, kwa kutumia familia ambayo haikukosa pesa, madaktari wala chakula, na bado ugonjwa huo uliingia nyumbani mwao.

Malkia Victoria, yule ambaye ziwa letu lilipewa jina lake mwaka wa 1858, alitawala Uingereza kuanzia mwaka wa 1837 hadi alipofariki mwaka wa 1901. Mwaka wa 1840 aliolewa na Albert, ambaye alikuwa binamu yake kabisa: mamake Victoria na babake Albert walikuwa ndugu. Walijaliwa watoto tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Wa nane alikuwa mvulana, Leopold, aliyezaliwa mwaka wa 1853. Tangu utotoni Leopold alikuwa akivuja damu kwa urahisi. Alilindwa asicheze, asipande, asikimbie. Alifika umri wa kuoa, akaoa, akapata binti. Kisha mwaka wa 1884, akiwa na miaka 30 tu, alianguka huko Cannes, Ufaransa, damu ikavujia ndani ya kichwa, akafa.

Ugonjwa wake unaitwa hemofilia. Damu ya mtu mzima ikitoka kwenye kidonda huanza kuganda baada ya dakika chache, kama maziwa yanavyoshika utando. Kazi hiyo hufanywa na protini kadhaa zinazofuatana, moja ikiamsha nyingine. Madaktari wamezipa nambari. Mtu wa hemofilia amepungukiwa na protini ya nambari 8 au ya nambari 9. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko yako, kama watu wanavyodhani. Hutoka kwa mwendo ule ule, ila haijui kusimama. Na damu inayoonekana si hatari kama ile isiyoonekana, inayovujia ndani ya goti, ndani ya msuli, au ndani ya kichwa.

Sasa turudi kwa Malkia. Mabinti zake wawili, Alice na Beatrice, walikuwa wanawake wenye afya. Hakuna aliyewatazama akasema hawa wana ugonjwa. Alice aliolewa Ujerumani. Mwanawe mdogo Friedrich alianguka kutoka dirishani mwaka wa 1873, akiwa hajatimiza miaka mitatu, akafa kwa kuvuja damu. Binti ya Alice, jina lake Irene, aliolewa katika ukoo wa kifalme wa Prussia akazaa wavulana watatu, wawili wakiwa na hemofilia. Mmoja wao alikufa mwaka wa 1904 akiwa na miaka minne. Binti mwingine wa Alice aliolewa na Mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, mwaka wa 1894. Naye Beatrice binti yake aliolewa na Mfalme wa Hispania mwaka wa 1906, na wawili kati ya wanawe wakawa na ugonjwa ule ule.

Hesabu hapo mwenyewe. Bibi mmoja, na ugonjwa umefika Uingereza, Ujerumani, Urusi na Hispania, na katika kila nyumba umeletwa na bibi harusi mwenye afya njema.

Watu wengi waliosikia habari hii shuleni huambiwa kwamba wafalme waliugua damu kwa sababu walioana wao kwa wao. Hapa ndipo ninapotaka utege sikio vizuri, kwa sababu si kweli, na uongo huu umewaumiza akina mama wengi.

Chukua mfano wa nyumba yenye taa mbili kila chumba. Mwili wako una maagizo mengi ya urithi, na karibu kila agizo umelipata mara mbili: taa moja kutoka kwa mama, taa nyingine kutoka kwa baba. Taa moja ikiharibika, chumba bado kina mwanga kwa sababu ya ile ya pili. Ndiyo sababu mtu anaweza kuishi miaka 80 akiwa amebeba taa mbovu asijue.

Lakini agizo la kutengeneza zile protini za nambari 8 na 9 limekaa mahali pa pekee, kwenye kromosomu inayoitwa X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo ana taa mbili. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo hupewa na mama. Kutoka kwa baba mvulana hupata kromosomu nyingine iitwayo Y, ambayo haina agizo hilo. Chumba cha mvulana, basi, kina taa moja peke yake. Ikiwa mama amempa ile nzima, mtoto ni mzima. Ikiwa amempa ile mbovu, giza linaingia.

Umeona? Albert hakuhusika. Hata Victoria angeolewa na mvuvi wa Lamu asiye na uhusiano wowote na ukoo wake, Leopold bado angeweza kuzaliwa vile vile. Undugu wao haukuleta hemofilia. Kilichofanywa na ndoa za kifalme ni kuisambaza, kwa sababu majumba yale yalitafuta wachumba katika mduara ule ule mdogo, na mabinti wa bibi mmoja wakagawiwa viti vingi vya enzi.

Je, Victoria aliipata wapi? Babake hakuwa na hemofilia. Inaelekea kosa lilitokea upya, pengine katika mbegu ya babake, ambaye alikuwa na miaka 51 binti huyo alipozaliwa. Hilo hutokea. Karibu thuluthi moja ya watoto wa hemofilia duniani wanazaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuuona ugonjwa huo. Kwa hiyo mama mkwe anaposema "kwetu hakuna", huenda anasema kweli, na wewe ukisema "hata kwetu hakuna", nawe wasema kweli.

Nataka tukae kidogo na yule mtoto wa Urusi, kwa sababu mamake ananihuzunisha kila nikisoma habari zake. Alizaa wasichana wanne mfululizo, na taifa zima likingoja mrithi wa kiume. Alexei akazaliwa Agosti mwaka wa 1904. Kabla ya kufikisha miezi miwili kitovu chake kilianza kutoa damu, kikaendelea kwa siku kadhaa. Mama huyu alikuwa amempoteza kaka yake kwa ugonjwa huo na alijua habari za mjomba wake Leopold, kwa hiyo alielewa. Wakaamua kuficha. Wananchi hawakuambiwa mtoto anaugua nini. Mwaka wa 1912, wakiwa Spala huko Poland, mtoto alivuja damu ndani ya paja na kinena, akalia kwa maumivu siku baada ya siku, hata akapewa sakramenti ya wanaokufa. Alipona, lakini mama alikwisha kata tamaa na madaktari, kwa maana wakati huo hawakuwa na dawa yoyote ya kumpa. Akamshikilia mganga mmoja aliyeitwa Rasputin. Kwa kuwa watu hawakujua ya mtoto, hawakuelewa mtu huyo anafanya nini katika nyumba ya mfalme, na chuki ikaongezeka. Rasputin aliuawa Desemba 1916, mfalme akaondolewa 1917, na familia nzima ikauawa Julai 1918, Alexei akiwa na miaka 13. Mifupa yake ilipatikana mwaka wa 2007, na wanasayansi walipoipima wakathibitisha mwaka wa 2009 kwamba ilikuwa hemofilia ya protini ya nambari 9.

Sisemi ufalme wa Urusi ulianguka kwa sababu ya kitovu cha mtoto. Yalikuwepo mengine makubwa, njaa na vita. Lakini siri ile haikumsaidia mtoto hata siku moja.

Na kule Hispania? Mfalme alikuwa ameonywa kabla ya arusi kwamba ugonjwa unaweza kuwa katika ukoo wa mchumba wake. Akaoa hata hivyo. Watoto walipougua, akamlaumu mke, mapenzi yakaisha, wakatengana. Wavulana wale wawili walikufa kwa ajali za gari ambazo mtu mwingine angetembea akaenda zake: mmoja mwaka wa 1934, mwingine mwaka wa 1938. Akina mama, hadithi hii mnaijua. Nimeiona katika nyumba za mabati vile vile ilivyokuwa katika jumba la mfalme.

Sasa mtaniuliza, "Sista, kwa hiyo kuoana ndugu hakuna ubaya wowote?" La, sikusema hivyo. Kuna magonjwa mengine, na kuna wafalme wengine.

Zamani kidogo, Hispania ilitawaliwa na ukoo wa Habsburg. Hawa walitaka ardhi na mali zisitoke nje ya ukoo, wakawa wanaoana binamu kwa binamu, na hata mjomba na binti ya dada yake, kizazi baada ya kizazi. Kati ya ndoa 11 za wafalme hao, 9 zilikuwa za watu wa damu moja. Mfalme wao wa mwisho, Charles wa Pili, alizaliwa mwaka wa 1661, na mamake alikuwa mpwa wa babake. Alichelewa sana kusema na kutembea, taya lake lilimfanya ashindwe kutafuna vizuri, aliugua maisha yake yote, akaoa mara mbili bila kupata mtoto. Alipofariki mwaka wa 1700 bila mrithi, Ulaya ikapigana vita hadi 1714. Linalonigusa zaidi ni hesabu ya watoto. Kuanzia mwaka wa 1527 hadi 1661, familia hizo za kifalme zilizaa watoto 34. Kumi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu, yaani 17, hawakufika miaka kumi. Watoto hao walilala kwenye hariri.

Rudi kwenye taa zetu. Kwa magonjwa mengi ya kurithi, si kama hemofilia, mtoto huugua tu pale taa zote mbili zinapokuwa mbovu, moja kutoka kila upande. Mimi na wewe kila mmoja amebeba taa kadhaa mbovu, lakini za kwangu si za kwako, kwa hiyo tukichanganya, watoto wanapata mwanga. Binamu wawili wana babu mmoja. Ikiwa babu alikuwa na taa mbovu katika chumba fulani, huenda wote wawili wameirithi ile ile. Wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili mbovu. Na kila kizazi kinachorudia, hatari inazidi.

Najua ninazungumza na akina mama wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki, ambako kumwoa binamu ni desturi ya heshima, na dini hairuhusu nimwingilie mtu ndoa yake, wala mimi sitaki. Wacha niseme ukweli kama ulivyo. Katika kila watoto 100 wa wazazi wasio ndugu, wawili au watatu huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa binamu wa kwanza idadi hiyo hupanda hadi karibu wanne, watano au sita. Yaani watoto walio wengi wa binamu ni wazima kabisa, usikeshe ukilia. Lakini ikiwa ukoo wenu tayari una mtoto aliyezaliwa kiziwi, au watoto wamekuwa wakifariki kwa namna moja, basi kabla ya posa nyingine ndani ya ukoo huo nendeni mkamwone daktari. Posa inaweza kungoja mwezi mmoja.

Na wewe wa Magharibi unayesema, "Sisi ukoo mmoja hatuoani, tumesalimika," subiri kwanza. Selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wenu huuita sikoseli, hauulizi ukoo. Watu wengi wa Nyanza, Magharibi na Pwani wamebeba taa moja mbovu ya selimundu kwa sababu taa hiyo moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo imekaa nasi vizazi vingi. Mnaweza kutoka koo mbili ambazo hazijawahi kugawana hata kuku, na bado wote wawili mkawa mmeibeba. Kipimo cha damu kinaonyesha. Mtoto akivimba mikono na miguu akiwa bado mchanga, akawa mweupe viganjani, macho yakawa ya manjano, usingoje, omba apimwe.

Haya, tuje kwa mvulana wako. Hemofilia ya protini ya nambari 8 humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Ile ya nambari 9, kama ya Alexei, ni adimu zaidi. Si nyingi, lakini katika kaunti kubwa ni watoto kadhaa, na wengi hawajulikani mpaka siku ya kisu. Angalia anapoanza kutambaa: anapata alama nyeusi na uvimbe kifuani au magotini pasipo kuanguka? Jino likitoka au ulimi ukiumwa, damu inakaa siku nzima? Sindano ya chanjo ilivimba na kuwa jiwe? Mjomba wake, yaani ndugu yako wewe mama, alifariki utotoni kwa kutoka damu? Swali hilo la mwisho usilione dogo. Muulize mamako. Waulize shangazi na mama wadogo. Ugonjwa huu umepita kwa wanawake, na kumbukumbu yake imo kwa wanawake.

Ukiwa na shaka, mtoto asitahiriwe kwanza, hospitalini wala nyumbani, hadi damu yake ipimwe. Asikatwe kimio, asichanjwe chale. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu. Uliza kipimo cha parasetamoli kwa umri wake. Chanjo zake usiziache hata moja, ila mwambie muuguzi mapema ili atumie sindano nyembamba na mbonyeze mahali pale kwa dakika tano au zaidi bila kusugua. Goti likivimba, mpumzishe, weka kitambaa cha maji baridi, kisha mpeleke. Akigonga kichwa, hata akiendelea kucheza, mpeleke siku hiyo hiyo. Usingoje atapike au asinzie. Na tafadhali, tumbaku, udongo na utando wa buibui havigandishi damu. Huleta vidudu tu.

Alexei hakuwa na dawa. Wetu wanayo: protini ile inayokosekana hudungwa kwenye mshipa. Ni ghali, na sehemu kubwa ya ile inayotumika hapa kwetu imekuwa ikija kwa msaada kutoka nje, kwa hiyo haipatikani kila zahanati. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Moi ya Eldoret zina kliniki za ugonjwa huu. Zahanati yako itakuandikia barua ya kukupeleka.

Swali moja nililoulizwa na mama mmoja mwezi uliopita nililibakiza makusudi: "Mwanangu wa kiume ana hemofilia. Je, dada yake aolewe?" Aolewe, tena kwa shangwe. Ikiwa wewe mama umebeba taa mbovu, yeye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba, na kipimo kinaweza kuonyesha. Akiwa ameibeba, kila mtoto wake wa kiume atakuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Sarafu hurushwa upya kila mimba. Wengine wanaobeba hutoka damu nyingi wakati wa hedhi au baada ya kujifungua, kwa hiyo asijifungulie nyumbani. Amwambie mkunga mapema, kabla ya uchungu kuanza, ili mtoto akizaliwa wa kiume damu ichukuliwe kwenye kitovu ipimwe, na asiguswe na kisu hadi majibu yarudi.